Machozi Yasiyo na Kilio

Karatasi nyembamba, upana wake milimita 5 na urefu wake 35, imekunjwa ncha na kutundikwa kwenye kope la chini la bibi aliyekaa kiti cha mbele. Imewekwa upande wa nje wa jicho, mbali na mboni, isije ikamkwaruza. Muuguzi amemwambia, "Bibi, fumba macho polepole, usikaze," naye kayafumba, viganja juu ya mapaja, kanga imemwangukia mabegani. Foleni nzima imenyamaza kana kwamba inasubiri neno litoke kwenye ile karatasi. Unyevu unaingia ncha iliyokunjwa, unasogea chini taratibu, unasita, unasogea tena. Dakika 5 zikitimia, muuguzi anaichomoa, anatia alama ya kalamu pale unyevu ulipoishia, anaandika kwenye kadi: 4. Yaani milimita 4, na chini ya 5 jicho huhesabiwa kuwa kavu. Bibi anafumbua macho, na hapo hapo chozi linamtiririka mpaka kidevuni. Analifuta kwa pindo la kanga. "Kavu vipi, mwanangu, na mchana kutwa yanavuja?" Muuguzi anamjibu kwa upole, "Yanavuja kwa sababu ni makavu, bibi."

Jibu lile limeniganda moyoni. Machozi ya kila siku, yale yanayoulainisha uso wa jicho kila tunapopepesa, yakipungua, au yakikosa mafuta ya kuyazuia yasipae hewani, jicho huwashwa kama lililoingiwa na mchanga. Hapo tezi iliyojificha juu ya pembe ya nje ya jicho hutaharuki na kumwaga maji kwa wingi. Maji hayo hayakai. Yanapita shavuni na kuacha ukame uleule yaliyoukuta. Nani kati yetu hajamwona mzee barazani, leso mkononi, akifuta na kufuta tena? Tulidhani ni vumbi, au ni kumbukumbu za waliotangulia, tukamwonea huruma ya msiba. Tumezoea kuyasoma machozi kama barua za moyo. Taarab imeyaimba, tenzi zimeyapima, mashahidi mahakamani wameaminiwa au wamekataliwa kwa ajili yake. Hatukuzoea kufikiri kwamba yale tusiyoyalia, yanayokaa jichoni usiku na mchana bila mtu kuyaona, ndiyo yenye habari nyingi zaidi kuhusu mwili wenye jicho.

Na ni machache ajabu. Machozi yaliyomo katika jicho moja kwa wakati mmoja ni mikrolita 7 hivi. Tone moja la dawa kutoka kwenye kichupa cha plastiki lina mikrolita 30 mpaka 50, kwa hiyo akiba yote ya jicho haifiki robo ya tone hilo. Ndiyo maana ukitiwa dawa, nyingi hukimbilia shavuni. Katika uchache huo mna mafuta yatokayo kwenye tezi za ukingo wa kope, mna maji ya tezi kubwa, mna ute unaoyashikisha maji kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho. Ndani ya maji mna chumvi, mna sukari kidogo, na mna protini: za kuua vijidudu, za kushika mafuta, za kuponya jeraha, na nyingine zilizochuruzika kutoka kwenye damu na seli zilizokwisha kazi yake.

Kipimo cha karatasi alikianzisha daktari Mjerumani, Otto Schirmer, mwaka 1903. Yeye alitaka kujua kiasi tu: ni mengi au ni machache. Aliyeuliza yanasema nini alikuja baadaye, London, katika hospitali ya St Mary's. Mwaka 1922 Alexander Fleming, miaka 6 kabla ya kuiona penisilini, alitangaza kwamba katika makamasi, mate na machozi mna kitu kinachoyeyusha bakteria. Alikiita laisozimu. Ili kupata machozi ya kutosha alikamua limau machoni, mwake na mwa msaidizi wake, na wageni walioingia maabara nao hawakusalimika. Chozi kidogo liliingizwa kwenye chupa ya maji yaliyochafuka kwa bakteria, na muda si muda maji yakang'aa, unaona ng'ambo. Nikiwaza tukio hilo nashikwa na heshima kwa mwili huu. Kila tunapopepesa tunajisafisha kwa dawa ambayo sayansi ilihitaji karne nyingi kuigundua, na dawa hiyo hatujawahi kuinunua wala kuishukuru.

Tangu hapo orodha imerefuka. Mashine zinazopima uzani wa molekuli moja moja zimefanya kazi ambayo jicho la mtu haliwezi, na mwaka 2012 watafiti wa Singapore walichapisha hesabu ya protini zaidi ya 1,500 katika machozi ya watu wazima wenye afya. Orodha yenyewe haitulii. Machozi ya mtu anayeamka alfajiri si yale ya saa sita mchana: usiku, jicho likiwa limefumbwa, kingamwili huongezeka, protini za damu huongezeka, na chembe nyeupe za ulinzi hukusanyika, kana kwamba mwili umeweka zamu ya askari pale mwenyewe alipolala. Machozi ya kitunguu nayo ni mengine, yamezimuliwa. Na machozi ya uzeeni ni mengine tena, maana kadiri miaka inavyosogea laisozimu na protini iitwayo laktoferini hupungua. Umri umo ndani ya chozi.

Kama umri umo, je, na maradhi ya umri yamo? Hilo ndilo swali linalowakesha watafiti siku hizi katika nchi mbalimbali, nami nimejikuta nikilizunguka kwa miezi, kwa sababu naijua sura ya maradhi hayo. Yapo yanayokula katikati ya jicho. Nyuma kabisa, kwenye retina, pana doa dogo liitwalo makula, na kwa doa hilo tunasoma herufi, tunatia uzi kwenye sindano, tunatambua uso wa mtu. Miaka ikienda, takataka za mafuta na protini hurundikana chini yake kama vitone vya manjano. Kwa wengine huishia hapo. Kwa wengine seli hufa kidogo kidogo, au mishipa mipya dhaifu ya damu huchipua mahali isipotakiwa na kuvuja. Mgonjwa haingii gizani. Anaona kuta, anaona mlango, anatembea uani bila fimbo. Ila mjukuu akisimama mbele yake, pale panapotakiwa kuwa na uso pana kiwingu. Anamjua kwa sauti. Mwimo wa mlango, ulionyooka tangu fundi alipoupigilia, unaonekana umepinda.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa Wazungu. Uchunguzi uliofanyika Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008, uliochukua watu zaidi ya 4,000 wenye miaka 50 na kuendelea, ukaonyesha dalili zake za mwanzo kwa zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi. Na yapo maradhi yanayokula pembeni. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huua mshipa wa fahamu wa jicho uzi mmoja baada ya mwingine, kuanzia kingo za uoni kuelekea ndani, bila maumivu, bila wekundu. Bandu bandu huisha gogo. Wilayani Kongwa, Dodoma, watafiti waliowapima wanavijiji waliofikia miaka 40 waliikuta kwa takriban watu 4 katika kila 100. Mtoto wa jicho humrudishia mtu mwanga akipasuliwa. Glakoma haina msamaha huo: kilichokufa kimekufa. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kujua mapema, na kujua mapema ni kwa yule asiyelalamika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa ndipo chozi linapoingia, na ndipo ninapotaka kwenda polepole. Retina iko nyuma ya jicho, machozi yako mbele, na katikati pana konea, lenzi na ute mzito uliojaza tufe la jicho. Isitoshe, retina ina ukuta wake unaoizuia damu isiingize wala kutoa ovyo. Habari za nyuma zinafikaje mbele? Mara nyingi hazipiti moja kwa moja. Machozi hupokea kutoka kwenye tezi, na tezi hulishwa na damu na mishipa ya fahamu. Hupokea pia kutoka kwenye vijishipa vya ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Mwili ukiwa katika mchochota wa chini kwa chini, ule usiopandisha homa wala kumlaza mtu kitandani, mabaki yake yanaweza kuonekana pale. Na maradhi ya makula yana undugu wa karibu na mchochota. Mwaka 2005 makundi kadhaa ya watafiti, kila moja kivyake, yaligundua kwamba mabadiliko katika jeni moja inayodhibiti kinga ya mwili yanazidisha sana hatari ya kuugua. Ugonjwa tuliodhani ni wa jicho kuchakaa ukaonekana pia kuwa wa kinga kukosa breki. Basi si ajabu kwamba watafiti wa Lublin, Poland, walipoyalinganisha machozi ya wagonjwa wa makula na ya watu wasio nao, mwaka 2018, walikuta protini kadhaa zimepanda kwa wagonjwa, mojawapo ikiwa ya jamii inayohusishwa na mchochota. Wengine wanayatafuta hayo hayo kwa wagonjwa wa glakoma na kwa wenye kisukari kilichoharibu retina.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Anayetumia matone ya glakoma kwa miaka ana machozi yaliyobadilishwa na matone yenyewe, hasa yale yenye dawa ya kuhifadhi. Mama aliyepikia kuni maisha yake yote, moshi ukimwingia machoni asubuhi na jioni, atakuwa na mchochota usiohusiana na makula. Ukame wa jicho, ambao wazee wengi wanao, nao una protini zake. Mkono wa anayeyachukua machozi ukiligusa jicho kwa nguvu, linamwaga maji, na kilichotafutwa kinazimuliwa. Kisha ipo hesabu, na hesabu haina huruma. Tuchukue watu 100 wa Kongwa, wanne wao wagonjwa. Tuseme chozi linawanasa wote wanne bila kukosa, ila linamsingizia mmoja katika kila kumi wasio wagonjwa. Wataitwa hospitali watu 13 au 14, na katika hao tisa au kumi hawana kitu. Wameuza mbuzi kwa nauli, wamelala wawili kitanda kimoja cha nyumba ya wageni, wamerudi na hofu. Kipimo kinachoonekana kizuri maabara, mbele ya wagonjwa waliochaguliwa, kinaweza kuwa mzigo kijijini. Ndiyo maana siwalaumu wataalamu wanaosema bado. Watu kadhaa mjini Lublin hawatoshi kuwasemea wazee wa Singida au wa Turkana, wenye jua lao, vumbi lao, chakula chao na jeni zao.

Hata hivyo nalitamani jambo hili, na sababu zangu si za kimaabara. Leo, kuiona retina ya mzee kunahitaji mashine, umeme, dawa ya kutanua mboni na mtu aliyesomea kutazama. Machozi yanahitaji karatasi na dakika chache. Tayari pana mfano: mwaka 2013 Marekani iliidhinisha kipimo kidogo cha protini moja ya mchochota kwa ajili ya macho makavu. Unagusisha kope la chini, unasubiri dakika 10, unasoma mistari, kama ufanyavyo na kipimo cha haraka cha malaria zahanati. Tuliona malaria ilivyobadilika kipimo kilipotoka kwenye hadubini ya wilaya kikaingia mkobani mwa mhudumu wa afya. Nikimwaza mhudumu huyo akiingia uani kwa mzee, akapiga shikamoo, akaketi kwenye mkeka, akamwomba atazame juu, na kwa lile tone dogo akajua kwamba huyu asafiri mapema na yule hana haraka, naona jambo linalostahili miaka ya kazi ngumu. Halitakuwa mbadala wa daktari. Litakuwa njia ya kumwambia daktari aanze na nani.

Lakini habari bila tiba ni nusu ya habari, na nusu hiyo huuma. Kumwambia mtu kwamba makula yake inavuja, halafu ukamwacha kwa sababu sindano ya jicho iko kwenye jiji la mbali kwa bei isiyofikika, ni kumwongezea miaka ya hofu. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuweka bevasizumabu, dawa mojawapo ya sindano hiyo, iliyoanza kama ya saratani, kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho tangu 2013, kwa kuwa ni ya bei nafuu kuliko nyingine za kazi hiyo. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye rafu. Kwa upande wa glakoma kuna habari inayotia moyo, tena imetoka kwetu. Mjini Moshi, chini ya Kilimanjaro, madaktari wa hospitali ya KCMC na wenzao waliwagawa wagonjwa mafungu mawili: wengine matone ya timololi ya kila siku, wengine leza ya dakika chache. Majibu yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefanikiwa kwa macho 61 hivi katika kila 100, na matone kwa 31. Matone yanadai fedha kila mwezi, mkono usiotetemeka na kumbukumbu isiyokosa siku. Leza inadai safari moja, labda na nyingine ya kurudia. Chozi likija kusema, angalau kwa ugonjwa huu pana cha kujibu.

Linaloniumiza zaidi ni neno dogo tulilolizoea majumbani: ni uzee tu. Mama anapoacha kusoma msahafu, ni uzee tu. Baba anapomwaga chai pembeni ya kikombe, ni uzee tu. Shangazi anapomsalimia mwanawe kwa jina la jirani, tunacheka kwa upendo na kusema ni uzee. Tunawaheshimu wazee wetu kwa shikamoo na kwa kiti cha mbele, kisha tunawaachia upofu kana kwamba ni sehemu ya haki zao. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilihesabu watu wasiopungua bilioni 2.2 wenye kasoro ya kuona, na katika hao wasiopungua bilioni 1 wana kasoro ambayo ingezuilika au bado haijashughulikiwa. Wapo miongoni mwao wanaohitaji miwani tu. Wazee wenyewe nao husaidia kuficha. Hawataki kuwa mzigo, wanahesabu hatua za kwenda chooni, wanajifunza vyombo kwa kugusa, wanatabasamu kuelekea sauti ilipo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na macho nayo yana kifo chao.

Kwa hiyo watafiti waendelee na machozi yao, na sisi tuwadai wayapime pia machozi ya kwetu, kwa idadi ya kutosha, kabla ya kutuletea kipimo kilichotengenezwa kwa macho ya wengine. Maabara za vyuo vikuu vyetu zinaweza kushiriki kazi hii. Ukusanyaji wake hauhitaji kisu wala sindano, na wazee wetu ni wengi na wakarimu wakielezwa kwa heshima wanachotoa na kwa nini. Wizara zihakikishe kwamba leza na sindano zinafika kwenye hospitali za mikoa, maana zipo, zinajulikana na zinafanya kazi leo.

Na wewe msomaji, usingoje kipimo cha chozi. Ukienda nyumbani, mwombe mzazi wako afunike jicho moja kwa kiganja, atazame mwimo wa mlango, kisha abadilishe jicho. Akikuambia umepinda, au kuna mahali pamefutika, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Hata akisema umenyooka, kama amepita miaka 40 apelekwe apimwe presha ya macho na atazamwe mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho, hasa kama katika ukoo yuko aliyepofuka na watu wakasema ni uzee. Muulize leo jina la huyo aliyepofuka, ulitaje kwa daktari.